Asiachwe Mtu Njiani

Kila muhula mpya, vyuo vya ufundi vya Migori na Homa Bay hupokea vijana kwa shangwe. Idadi ya waliojiandikisha hutangazwa, picha hupigwa langoni, mgeni wa heshima hushangiliwa. Nami nawashangilia vijana hao, kwa sababu aliyevuka lango la chuo akitokea boma lisilo na mshahara amefanya jambo kubwa. Lakini makofi yakitulia, tuulizane: kati ya hawa walioingia, wangapi watatoka na cheti mkononi? Mvuvi wa Muhuru hahesabu samaki waliogusa wavu, huhesabu waliofika ufukweni. Nasi, kuanzia Isebania hadi Kendu Bay, kuanzia Kehancha hadi Mfangano, tuanze kuhesabu waliofika.

Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba wengi wanaoacha chuo katika kaunti hizi mbili hawaachi kwa kukosa akili. Huachishwa na mambo madogo ambayo sisi wenyewe, tukiamua, tunaweza kuyaondoa: nauli ya wiki moja, salio la karo, mtoto mchanga asiye na wa kumshika, aibu ya kumwambia mkufunzi kwamba umekwama. Hayo ndiyo yanayotunyang'anya fundi umeme ambaye angeunganisha stima nyumbani kwako, na fundi wa injini ambaye angeokoa boti ya jirani yako.

Historia ya hapa hapa kwetu inashuhudia. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alisoma katika shule za wamishonari hadi Mang'u, akafaulu, kisha safari ikakatika kwa sababu mzee wake hakuwa na karo ya kumwendeleza. Mwaka 1948 aliingia chuo cha kufunza wakaguzi wa afya Nairobi, akahitimu mwaka 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji. Kutoka kazi hiyo alipanda hadi uongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na baadaye akawa waziri. Mlango wa kwanza wa maisha yake ya utu uzima ulifunguliwa na cheti cha kazi. Leo Homa Bay ina chuo kikuu chenye jina lake, na kila mwanagenzi wa chuo cha ufundi anayepita mbele ya lango lile ana haki ya kutembea kifua mbele, kwa sababu mwenye jina hilo alianza kama yeye.

Tena Mboya alikuja kutufundisha somo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kufikia mwaka 1959 kulikuwa na vyuo Marekani vilivyokuwa tayari kuwapa vijana wa Kenya nafasi na ufadhili wa masomo. Vijana walikuwapo, nafasi zilikuwapo, alama walikuwa nazo. Kilichokosekana ni nauli. Mboya alizunguka Marekani akiieleza haja hiyo. Mchezaji besiboli Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuchangisha fedha. Huku nyumbani, familia na majirani wakafanya harambee ili kijana wao asiende mikono mitupu. Mnamo Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilisaidia kulipia safari nyingine, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri, Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hebu fikiria hasara ambayo Kenya ingepata kama watu wangesema, "Nafasi amepewa, nauli ajitafutie."

Lakini hayo ndiyo tunayowaambia vijana wetu leo.

Simama karibu na dirisha la mhasibu wa chuo wiki moja kabla ya tathmini. Foleni inazunguka jengo. Kijana aliyevaa ovaroli yenye madoa ya grisi ameshika simu, anamngoja mjomba aliyeko Nairobi atume chochote kwa M-Pesa. Kila simu inapotetema anainua kichwa, kisha anakiinamisha tena. Nyuma yake msichana wa darasa la umeme anahesabu noti za shilingi mia zilizokunjwa kunjwa, pesa ambazo mama yake ameuza omena wiki nzima kuzipata. Anahesabu mara ya pili, labda alikosea. Hakukosea, zimepungua. Salio linalomfungia nje si laki, ni elfu tatu, labda nne. Akikosa tathmini hii atarudi nyumbani kidogo atafute pesa. Akikaa nyumbani atapata kibarua. Akizoea kibarua, hatarudi. Muhula ujao jina lake litakuwa bado kwenye daftari, na chuo kitaendelea kutangaza idadi nzuri ya waliojiandikisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni elfu tatu, na ukuta tunaoujenga ni kizazi kisicho na kazi.

Wanaoanguka njiani hawaanguki kwa bahati nasibu. Tazama wasichana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Homa Bay na Migori, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 15. Kuria, msimu wa tohara ukiwadia, wako mabinti wanaokeketwa na kuozwa, ingawa sheria ilipiga marufuku ukeketaji tangu mwaka 2011. Msichana aliyepitia hayo akijikokota hadi chuoni akiwa na mtoto mgongoni, ameshashinda vita ambavyo wengi wetu hatujawahi kupigana. Kisha anafika na kukuta hakuna mahali pa kumlaza mtoto, ratiba haimjali, na wenzake wanamnong'ona. Anastahimili mwezi mmoja, miwili, halafu kiti chake kinabaki kitupu.

Tazama wavulana. Kule Nyatike, migodi ya dhahabu ya Macalder inamwita kijana kila asubuhi. Akishuka shimoni leo, huenda jioni akarudi na pesa mfukoni. Ufukweni kuna boti inayotaka mtu wa kuvuta nyavu usiku. Barabarani kuna bodaboda ya kukodi. Chuo kinamwahidi riziki baadaye, njaa ya nyumbani inadai chakula cha jioni. Kijana huyu hahitaji mahubiri ya kuvumilia. Anahitaji ratiba inayomruhusu kufanya kazi na kusoma.

Watazame pia vijana wenye ulemavu. Homa Bay ina hazina ambayo kaunti nyingi hazina: karibu na Oyugis kuna Chuo cha Ufundi cha Sikri, kilichoanzishwa kwa ajili ya wasioona na viziwi. Ina maana ujuzi wa kumfundisha kijana asiyesikia kuchomelea chuma, au kijana asiyeona kujitegemea kwa kazi ya mikono, uko hapa hapa, kwa safari ya matatu. Basi mbona chuo cha jirani kimpokee kijana kiziwi bila mkalimani wa lugha ya ishara, kisha kishangae anapoacha masomo? Wakufunzi wetu waende Sikri wakajifunze. Hiyo ni safari ya siku moja yenye faida ya miaka.

Sasa msikate tamaa, kwa maana tiba inajulikana na imeshapimwa. Katika jiji la New York kuna vyuo vya jamii vinavyopokea watoto wa wahamiaji, wazazi vijana na wafanyakazi wa kipato cha chini, watu wanaofanana sana na wanagenzi wetu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji, CUNY, kilianzisha kwenye vyuo hivyo mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi alitakiwa kusoma muda wote, na kwa upande wake chuo kilimpa kadi ya bure ya usafiri, msaada wa vitabu, kilimfutia pengo la karo lililobaki baada ya ufadhili, na kilimpa mshauri mwenye wanafunzi wachache kiasi cha kumjua kila mmoja kwa jina. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi kwa miaka 3. Walio nje ya mpango, asilimia 22 walihitimu. Walio ndani, asilimia 40. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vikaiga, navyo vikaona idadi ya wanaohitimu ikikaribia kuongezeka maradufu. Mitihani haikurahisishwa hata kidogo. Walichofanya ni kumwondolea mwanafunzi mawe njiani na kumpa mtu wa kumuuliza, "Jana ulikuwa wapi?"

Kenya nayo haijalala. Mwaka 1966, viongozi wa makanisa walitoa ripoti iliyouliza mtoto wa Kenya ataenda wapi baada ya shule, na kutokana na mjadala huo zikazaliwa politekniki za vijijini. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kwa kaunti, na ibara ya 55 inaiagiza serikali kuhakikisha vijana wanapata elimu na mafunzo yanayowafaa. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 2013. Mwaka 2018 karo ya mwaka katika vyuo vya ufundi vya serikali ya kitaifa iliwekwa shilingi 56,420, serikali ikabeba 30,000, mwanagenzi akabakiwa na 26,420 na mkopo wa HELB wa kumsaidia. Mfumo wa ufadhili umebadilika tangu hapo, lakini mlango wa mikopo na basari bado uko wazi. Vyuo kama Mawego kule Karachuonyo na Siala kule Migori vinapokea hata aliyepata alama za chini kabisa katika KCSE, kwani ngazi ya chini ya ufundi haimfungii mtu nje kwa sababu ya alama.

Zaidi ya hayo, mafunzo ya umilisi sasa yamegawanywa katika moduli. Sikieni vizuri, hasa nyinyi mama vijana na nyinyi wachimba migodi: moduli uliyoimaliza na kufaulu ni yako. Ukilazimika kusimama kwa sababu ya uzazi, msiba au kibarua, unaweza kurudi na kuendelea ulipoishia. Na tangu mwaka 2024 taifa lina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata bila kukaa darasani. Yule jamaa wa Awendo ambaye kwa miaka mingi amefungua na kufunga injini za trekta za miwa, yule mama wa Rongo anayeshona sare za shule nzima kwa cherehani ya miguu, wanaweza kupimwa ujuzi wao na kupewa cheti kinachotambulika. Tumeachiwa vifaa vya kutosha, kilichobaki ni nguvu zetu za kuvitumia.

Kwa hiyo leo sina maneno ya jumla. Nina neno kwa kila mmoja.

Mkuu wa chuo, heshima yako. Unapoandaa ripoti ya mwaka, iandike idadi ya waliomaliza juu ya idadi ya walioingia. Igawanye: wasichana wangapi, wavulana wangapi, wenye ulemavu wangapi, mama wangapi. Pengo utakalolikuta hapo ndilo kazi yako ya mwaka ujao. Anzisha mfuko mdogo wa dharura kwa ajili ya madeni ya elfu mbili, tatu, nne, na uwaalike waliosoma hapo, makanisa, misikiti, vyama vya akiba na wafanyabiashara wa mji wauchangie. Tafuta chumba kimoja, tandika mkeka, ajiri mama mmoja wa kuwashika watoto wakati wa masomo. Chumba hicho kitakurudishia wanagenzi wengi kuliko tangazo lolote la redio.

Mwalimu, mkufunzi wetu mpendwa, wewe ndiwe wa kwanza kuona kiti kitupu. Usisubiri mwisho wa muhula. Mwanagenzi akikosa siku tatu, mpigie simu. Usimuulize kwa ukali, muulize kama mzazi: "Mwanangu, kuna nini?" Simu hiyo inakugharimu shilingi chache. Kwa kijana aliyedhani hakuna anayejua kwamba yupo, inaweza kuwa tofauti kati ya kurudi na kupotea. Na msichana akiingia karakana ya uchomeleaji, mpe kofia ya kujikinga, mpe elektrodi kama wenzake, usimpe ufagio.

Mzazi, mama na baba, acheni kukiita chuo cha ufundi mahali pa walioanguka mtihani. Mtoto husikia. Anayeamini kwamba amepelekwa jalalani hatakazana kumaliza. Fundi bomba, fundi umeme na mpishi hodari wanaajiri wenzao, wanajenga, wanasomesha. Mkiwa na ng'ombe mmoja na watoto wawili, msimuuzie mvulana tu. Binti yenu pia ana mikono, na mikono hiyo ndiyo itakayowashika uzeeni.

Fundi mwenye karakana mjini Migori, Homa Bay, Mbita au Oyugis, wewe una kitu ambacho chuo hakina: kazi halisi yenye mteja anayesubiri. Mpokee kijana wa mafunzo ya kazini. Mfundishe kupima, kukadiria gharama, kuongea na mteja na kutoa risiti. Usimfanye mtumwa wa kubeba maji. Na ukiweza, mpe nauli ya kila siku. Wewe mwenyewe unakumbuka aliyekushika mkono ulipoanza.

Viongozi wa kaunti, mnaongoza watu zaidi ya milioni mbili, kwa maana sensa ya 2019 ilihesabu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Basari zitolewe kwa wakati, kabla ya foleni ya dhiki kuanza kwenye dirisha la mhasibu, na zimfikie mwanagenzi wa ufundi sawa na mwanafunzi wa sekondari. Serikali ilishaweka utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Basi madawati ya shule zetu, milango ya zahanati zetu na sare za watoto wetu zitengenezwe na vikundi vya wahitimu wa vyuo vyetu. Kijana akimwona kaka yake amepata zabuni kwa cheti cha Mawego, hahitaji kubembelezwa amalize masomo. Machifu na wazee wa mitaa, barazani mtaje majina ya waliohitimu, muwasimamishe, watu wawaone. Kijiji huiga kile kinachokisifu.

Nimekuacha wewe mwisho, mwanagenzi, kwa sababu safari ni yako. Wengine wanaweza kukuondolea mawe njiani, lakini hakuna atakayetembea kwa niaba yako. Ukikwama, sema. Usipotee kimyakimya. Mwambie mkufunzi, mwambie mwenzako wa karibu, gonga ofisi ya ushauri. Ombi la HELB lijaze mapema, na fomu ya basari ipeleke siku ya kwanza badala ya siku ya mwisho. Undeni chama cha darasa, mchange hamsini hamsini kila wiki, na mwenye dharura asaidiwe bila kuaibishwa. Mwenzenu akikosa darasa, mmoja wenu aende kwao jioni na daftari la siku hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na darasa lililoingia pamoja linaweza kutoka pamoja.

Na ikiwa wewe ulishaacha, ukiwa sasa uko mgodini, kwenye boti, juu ya bodaboda au nyumbani na mtoto, makala haya ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote. Usijihukumu. Mboya alikatiziwa njia akiwa kijana kama wewe, akapitia mlango mwingine. Rudi chuoni wiki hii, hata kama ni kuuliza tu: nilimaliza moduli gani, nadaiwa kiasi gani, naweza kuanza tena lini? Nenda na rafiki kama unaogopa. Hakuna umri wa aibu katika kujifunza kazi.

Tazama kazi zilizopo zikisubiri mikono. Kiwanda cha sukari cha Awendo kina mitambo inayotaka mafundi. Injini za boti za Mbita huharibika kila siku. Viazi vitamu vya Kabondo vinahitaji watu wa kuvisindika, na omena wa Homa Bay na samaki wa Karungu wanahitaji vyumba vya baridi na watu wanaojua kuvitengeneza. Visiwa vinataka sola, Isebania inajenga usiku na mchana. Tusipowafikisha vijana wetu mwisho, kazi hizi zitafanywa na mafundi wa kutoka mbali, na sisi tutabaki kulalamika kwamba vijana hawana kazi.

Basi tuanze na mmoja. Ndugu msomaji, kabla ya wiki hii kwisha, mtafute kijana mmoja unayemjua aliyeingia chuo cha ufundi na muulize kilichobaki ili amalize. Kama ni nauli, toa nauli. Kama ni salio, mchangishie. Kama ni mtoto, mshikie. Kama amekata tamaa, mpeleke wewe mwenyewe hadi langoni, kisha mfuatilie hadi siku atakapoitwa jina lake na kupewa cheti.